Mjapani wa Londiani

Joab Nyang'au aliingia kwenye ukumbi wa hoteli ile ya Kericho kwa sababu moja tu: chai ilikuwa ya bure. Mwaka huo wa tisini na sita wageni fulani walikuwa wameleta maonyesho ya wachoraji na wapigapicha wa kisasa kutoka pande zote za dunia, na bango la mlangoni lilisema kila mtu anakaribishwa. Joab hakuwahi kukataa kukaribishwa.

Akazunguka na kikombe chake. Ukutani palikuwa na mraba mtupu wa buluu, kazi ya Mbrazili. Picha ya kiatu kimoja kwenye theluji, iliyopigwa na mama mmoja wa Norwe. Na turubai kubwa ya Mjapani, ambayo ilionekana kama kazi ya mtu aliyemwaga wino akakimbia. Mbele yake mameneja wa mashamba ya chai walisimama kimya, mikono nyuma, kama watu wanaoaga maiti ya mheshimiwa.

Hapo ndipo alipomwona Mzee Chepyegon. Kedowa nzima ilimjua: malori matatu, ng'ombe wengi, na lojing mpya ya kulaza wageni, ya ghorofa moja, iliyobaki kupakwa rangi tu. Mzee aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule, kisha akatupa jicho pembeni kuona kama kuna mtu amegundua kwamba haelewi kitu.

Mwingine angemhurumia. Joab aliweka kikombe chini. Maskini huona haya kwa kukosa. Tajiri huona haya kwa kutojua, na haya ya tajiri hulipa vizuri zaidi.

“Umesimama mahali penyewe, mzee,” akamnong'oneza. “Wengi wanapita hapa bila kuona.”

“Mimi naona,” Chepyegon akajibu haraka. “Naona kabisa.”

“Nilijua. Mimi ndiye ajenti wao huku Bonde la Ufa. Hizi haziuzwi, lakini huyu Mjapani ni mtu wangu. Akisikia kuna lojing ya maana Kedowa, anaweza kutoa picha nne. Shida yake moja, hapendi pesa.”

“Hapendi pesa?”

“Wasanii, mzee! Pesa inawatia kichefuchefu. Anapenda kitu chenye uhai. Kwa mfano, ng'ombe wa gredi.”

Ukweli ni kwamba aliyemhitaji ng'ombe alikuwa Joab. Mzee Kebaso, nyapara katika shamba moja la chai, alikuwa amesema wazi kwamba binti yake Esnah hatatoka nyumbani kwa maneno matamu. Atatoka kwa mahari ya friziani, ng'ombe wa gredi wa maziwa mengi. Joab alikuwa amedanganya watu wengi, lakini alimpenda Esnah kweli, na jambo hilo lilimsumbua kuliko dhambi zake zote.

Kesho yake alikuwa Londiani kwa Phelis, mama aliyechora mabango ya maduka: vichwa vya ng'ombe kwa wenye bucha, mikasi kwa vinyozi.

“Nataka picha nne zisizofanana na kitu.”

“Kitu gani?”

“Chochote.”

“Hiyo ni ngumu. Mkono wangu umezoea kufananisha.”

“Basi fumba macho.”

“Na malipo?”

“Kazi ikiisha, dada. Kwani mimi nahama?”

Phelis hakufumba macho. Alichora ukungu unavyopanda kutoka msituni asubuhi, kisha akauvunjavunja. Alichora chai kama inavyoonekana na mtu aliyechoka kuichuma. Joab alizisifu kuwa takataka nzuri sana, na pembeni mwa kila moja akanakili herufi za Kijapani kutoka mgongoni mwa redio. Phelis alipouliza tena malipo, aliambiwa wiki ijayo.

Mzee Chepyegon alizipokea, akavaa miwani, akakaa mbele ya ile ya ukungu.

“Huyu Mjapani anaijua baridi,” akasema polepole. Kisha akamwita mchungaji alete ng'ombe, aliyefunikwa blanketi kutoka shingoni hadi mkiani. “Ana homa kidogo. Usimvue mpaka mfike. Gredi ni kama mzungu, baridi kidogo tu inamwangusha.”

Joab, aliyejua mengi kuhusu Japani, hakujua lolote kuhusu ng'ombe. Aliona miguu yenye mabaka meusi na meupe, akatosheka. Akakodi pikapu.

Wazee walikuwa wamekaa nje kwa Kebaso, wamevaa makoti. Esnah alisimama mlangoni na sinia ya vikombe.

“Mvue tumwone,” Kebaso akasema.

Blanketi likatoka. Kebaso akanyoosha kidole mgongoni.

“Hii nundu ni ya nini?”

“Ni mafuta, baba. Wa Uholanzi wote wanayo.”

Huenda maneno hayo yangepita, maana Joab aliyasema vizuri. Lakini saa nane ilikuwa imegonga, na mvua ya Kericho haikosi miadi. Baka la kwanza likateremka ubavuni. La pili likafika kwato. Masizi yakatiririka uani hadi akabaki ng'ombe mweupe wa kienyeji, anatafuna kana kwamba hayamhusu.

“Kijana,” Kebaso akasema, “mimi nilitaka ng'ombe. Wewe umeniletea gazeti.”

Wazee walicheka mpaka wakashikana mabega. Esnah hakucheka. Aliingia ndani na vikombe vyake, akafunga mlango, na hilo ndilo lililomchoma Joab.

Kesho yake alifika Kedowa akimvuta ng'ombe kwa kamba, amefura.

“Mzee, umeniibia!”

“Nimekuibia nini?” Chepyegon alikuwa anakunywa maziwa ya mursik kutoka kibuyuni, ametulia. “Nilienda Londiani kuagiza bango la lojing, nikamkuta Mjapani amevaa leso, ameshika brashi. Hukumlipa, kwa hivyo hakunificha kitu. Nikamuuliza kama anaweza kuchora friziani. Akasema, kwenye ukuta gani? Nikamwambia, kwenye ng'ombe. Wewe umenipa Mjapani wa Londiani, mimi nimekupa friziani wa Soin, kule chini kwa ng'ombe wa kienyeji. Tumelingana.”

“Basi nirudishie picha.”

Uso wa mzee ukabadilika. “Hizo sirudishi. Mama yangu alikuwa akinibeba mgongoni asubuhi, katika ukungu kama ule. Sikujua kuna mtu mwingine anaukumbuka.” Pembeni mwa kila picha herufi za redio zilikuwa zimefutwa, na mahali pake pameandikwa: Phelis, Londiani.

Phelis mwenyewe alikuwa nje, anaandika jina la lojing.

“Wiki ijayo imefika,” akamwambia Joab, na kumnyooshea mkono.

Joab alijipapasa mifuko, akakuta vumbi tu. Akamwekea kamba ya ng'ombe mkononi.

Miezi minne baadaye ng'ombe akazaa. Kumbe alipokuwa bado kwa Chepyegon, dume la friziani la mzee lilikuwa limeruka ua bila kumwarifu mwenyewe. Ndama alikuwa jike, mweusi na mweupe, na Phelis alimsugua kwa maji na sabuni kwanza, kwa sababu aliwajua watu wa eneo hilo.

Joab akasikia. Akaja na kofia mkononi na maneno matamu.

“Maneno weka,” Phelis akasema. “Mzee amenipa kazi ya kupaka vyumba kumi na kimoja vya lojing, na kuta za nje. Chukua brashi. Ukimaliza, ndama ni wako.”

Siku ya nne Joab alikuwa juu ya ngazi, rangi hadi kwenye nyusi, mgongo unamuuma. Esnah, aliyekuja sokoni, alisimama barabarani, akamtazama. Joab alichovya brashi, akaendelea kupaka.

“Umeruka sehemu pale juu,” Esnah akasema, akiweka kikapu chake chini.