Waziri wa Fedha Arudishwe Darasa la Nne

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Kasikeu, ambako mvua hutusahau lakini kodi haijatusahau hata siku moja.

Mimi ni Katunge Mbuvi, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na sita. Naandika kwa unyenyekevu kumlalamikia mwanafunzi wangu wa zamani, Daktari Musyimi Ndeti, ambaye sasa ni Waziri wa Fedha. Nilimfundisha hesabu darasa la nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alipokuwa mwanauchumi wa chuo kikuu, aliandika gazetini kila Jumapili kwamba kutoza unga kodi ni kumwibia maskini. Nilikata makala hizo nikazibandika ukutani, karibu na kalenda ya kanisa. Siku arobaini baada ya kuapishwa, aliutoza unga kodi.

2. Agosti alikuja kuabudu nasi kanisani Kilungu, jirani na hapa kwetu. Helikopta yake ilitua kwenye maharagwe ya Kalunde, mjane anayeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, sokoni. Hakuna shina lililobaki. Waziri alimpongeza kwa kuchangia maendeleo.

3. Baada ya ibada Kalunde alisimama, akauliza, "Mheshimiwa, unasema uchumi umekua. Mbona sufuria yangu imebaki vile vile?" Akajibiwa, "Mama, hiyo yako ni uchumi mdogo. Mimi nashughulikia uchumi mkubwa." Watu wakapiga makofi. Kalunde naye alipiga, maana mchungaji alikuwa anamtazama. Kisha alikuja kwangu akalia. Akaniuliza, "Mwalimu, huo mkubwa unaliwa wapi?" Nimefundisha miaka thelathini na tano, na swali hilo sikuwahi kulikuta kitabuni.

4. Wiki iliyopita Waziri alituambia redioni tufunge mkanda. Kalunde hana mkanda, kwa hivyo amefunga kibanda. Bintiye Kanini ameacha shule ya upili, sasa anapasua kokoto kando ya barabara. Bila shaka naye ni uchumi mdogo.

Nimetafakari, Ndugu Mhariri, nikapata chanzo. Musyimi alijua kujumlisha. Kutoa alikujua sana, kama mifuko yetu inavyoshuhudia. Kugawanya ndiko kulikomshinda. Siku moja nilimpa maembe kumi na mawili ale na wenzake watatu, kila mtu sawa. Alibaki na tisa, akawapa wenzake mojamoja na hotuba.

Sisemi ni mbaya. Nasema hakuelewa somo, na hilo ni kosa langu. Kwa hivyo naiomba serikali inirudishie Musyimi kwa muhula mmoja tu. Dawati lipo. Kaptula tutamshonea upya, kwa kuwa cheo kimempanua. Hatatoka darasani hadi aweze kugawia watu saba pakiti moja ya unga bila yeye kuondoka nayo.

Wasalimie wote hapo ofisini, na anayefagia pia, kwa maana yeye ndiye anayejua bei ya unga.

Mimi wako katika chaki na subira,
Mwalimu Katunge Mbuvi,
Kasikeu, Makueni.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimefungua daftari la maksi la mwaka ule. Naomba radhi. Yule wa maembe alikuwa binamu yake, Mulwa, ambaye leo ni kinyozi mwaminifu. Musyimi alipata mia kwa mia katika kugawanya. Naondoa ombi langu. Hana la kurudia, anajua anachofanya.