Kanda ya Kumrudisha Mama Mkwe Kibosho

Jumanne, 6 Julai 1993

Baridi ya Julai haina adabu. Nimelala tena jikoni, juu ya belo la mitumba. Makoti ya Ulaya, lakini sakafu ya Kijenge, hapa Arusha! Kitandani kwangu: mke wangu Agnela, mtoto wetu Princess, na mama mkwe, Mama Pudensiana wa Kibosho, aliyekuja kumlea mzazi.

Niandike ukweli. Nashukuru. Agnela alijifungua kwa shida, akapoteza damu nyingi, nami nilikuwa Namanga nahangaikia mzigo. Mama huyu ndiye aliyemsimamisha, kwa mtori wa ndizi, supu na maji ya moto. Sasa Agnela anacheka mpaka majirani wanasikia. Lakini si ameshapona? Kitanda changu jamani! Na mkwe haambiwi aondoke. Ukithubutu, ukoo mzima utakaa kikao.

Alhamisi, 8 Julai

Nimepata akili! Mama mkwe haogopi mbwa, mwizi wala mwenye nyumba wetu. Anaogopa mumiani tu. Anaamini mji umejaa watu wanaonyonya wenzao damu.

Nimekwenda kwa Aristides, mkodishaji wa kanda za video. Nimechukua televisheni, deki, na kanda ya mnyonya damu. Juu ya kasha, jitu lina meno kama ya ngiri! Aristides kaapa kwamba mteja wake wa Usa River aliitazama nusu, akakimbilia kulala kwa mchungaji. Nikamwuliza kama yeye ameiona. Akasema yeye ni mfanyabiashara.

Ijumaa, 9 Julai

Imeonyeshwa! Mimi sikuiona. Nitakaaje sebuleni na mama mkwe, halafu watu waanze kubusiana? Nikasingizia belo la kupanga, nikajifungia jikoni, sikio mlangoni. Agnela ni mwalimu, akawa anamtafsiria mama Kiingereza.

Mwanzo kimya. Mara mama akaguna. Mara uuuwi, Mungu wangu, anaungua! Kisha kilio, kile cha msibani hasa. Nimecheza peke yangu katikati ya makoti.

Jumamosi, 10 Julai

Mapema nimekwenda stendi kuulizia basi la Moshi la kumrudisha mama kwao, nikarudi na mkate wa safari. Mama mkwe yuko mlangoni, macho mekundu. Shikamoo, mama. Marahaba, baba. Akanishika mikono yote miwili! Hajawahi. Akasema asante.

Asante ya nini?

Agnela akanisimulia kanda yote. Jitu halikunyonya mtu hata mmoja! Limeoa, linajinyima damu kwa heshima ya nyumba ya mkewe, linakonda, linalala stoo. Mama mkwe wake anaugua, linambeba mgongoni kumpeleka hospitali. Jua, adui wa wanyonya damu, linachomoza, jitu linaungua uso, wala halimtui mpaka mlangoni kwa daktari. Mnyonya damu gani huyo? Aristides tapeli!

Mama akasema alikuwa ameshafunga kikapu chake aondoke kesho baada ya misa. Aliniona kimya, akadhani nimemchoka. Sasa ameelewa. Mkwe wake hajui kusema, ndiyo maana kakodi picha imsemee. Naye si analala jikoni, anakonda, halalamiki? Basi kikapu amekifungua.

Nikasema ndiyo, mama.

Jumapili, 11 Julai

Mama mkwe kapika kisusio, ile supu yao ya damu ya mbuzi. Bakuli la kwanza kaniwekea mimi. Akasema nisijinyime kama yule maskini wa kwenye kanda, kisha akatoka ili nile kwa nafasi.

Nikiwa nakunywa, Agnela akanieleza polepole jambo ambalo sikulijua. Siku ile hospitali, damu aliyoongezewa ilikuwa ya mama. Mama akakataza nisiambiwe, nisije nikaona aibu kwamba sikuwepo.

Nimelia ndani ya bakuli. Ningekuwa mjane leo. Nami nalilia kitanda!

Jumatatu, 12 Julai

Nimemshukuru mama kwa mdomo wangu mwenyewe, si kwa kanda. Nimemwambia akae mpaka Princess atembee. Kila neno lilitoka moyoni. Mama akalia, nikalia, Princess akalia kwa kutuunga mkono.

Kwa furaha, mama kamwita na dada yake kutoka Kibosho, aje naye amwone mkwe wa namna hii. Dada mtu atalala jikoni. Mimi nahamia barazani, na belo langu.

Nashukuru. Kwa moyo wote nashukuru.

Agnela anasema mama mkubwa ni jasiri sana, isipokuwa kwa nyoka. Nimetoka kwa Aristides sasa hivi, kanda ninayo chini ya koti. Ni ya chatu. Na chatu hawezi kuwa na moyo mzuri, hata Ulaya.