Vita vya Muuza Rangi na Miwani ya Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mliokaa vitini na mliosimama mlangoni! Wenye chai na wanywe taratibu, wenye simu na wazizime, kwa maana hapa panasimuliwa jambo zito lililotokea alasiri ya Jumapili, katika sebule yenye dirisha moja na dari la kijani, siku Muuza Rangi, mwinda vivuli na mtesa balbu, alipoingia vitani dhidi ya miwani ya mama mkwe wake.

Siku za kazi shujaa huyu alikuwa mtu wa kawaida kabisa, aliyesimama nyuma ya kaunta akichanganyia watu rangi za kuta. Lakini Jumapili ikifika alivua koti lake lenye madoa, akajivika kamera shingoni, na kimo chake kikaongezeka. Alikuwa amekwisha kupiga picha masufuria, ndoo, mvuke wa birika na paka wa jirani, na vyote hivyo vilimtii, isipokuwa paka.

Sasa tuitaje ile ngome iliyokuwa haijatekwa. Mama mzaa mke wake alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, na nusu iliyobaki ilimwogopa tu. Usoni alivaa miwani minene kama vitako vya chupa, na miwani hiyo haikuwahi kushindwa na kamera yoyote. Kila taa ilipomulika, miwani iliirudisha ilikotoka. Katika picha ya arusi ya binti yake, Mkunga amesimama nyuma ya maharusi mfano wa lori linalokuja usiku na taa zote mbili. Watu waliicheka picha ile miaka nenda miaka rudi, naye alicheka pamoja nao, lakini tangu hapo kila alipoona kamera alikumbuka kitu jikoni.

Na kesho yake asubuhi Mkunga alikuwa anahama, anakwenda kuishi kwa mwanawe mkubwa, mbali, safari ya kutwa nzima. Ndipo mke wa Muuza Rangi alipomfuata mumewe sebuleni, akasimama mbele yake na kunena:

"Mume wangu, sijawahi kuisema kamera yako. Uliponiamsha alfajiri ukapige picha umande, nilikushikia mwavuli. Ulipoganda juu ya meza kupiga picha kijiko, nilikula kwa mkono. Leo naomba kitu kimoja. Ukuta huu una picha za mama, na hakuna hata moja ambamo ananiangalia. Nipe macho ya mama yangu kabla hajaondoka."

Muuza Rangi akaweka mkono kifuani. "Mke wangu, jua halitazama kabla sijakuletea macho hayo!"

"Jua linazama saa kumi na mbili," akasema shemeji yake, kaka mwingine wa mkewe, dereva wa malori, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi. "Mimi ningempiga picha kwa simu tukamaliza."

Mkunga akaja, akaketi kwenye kiti alichowekewa, akakunja mikono. "Nimekaa kwa ajili ya binti yangu," akatangaza. "Lakini sikilizeni. Nikitoka taa za gari tena, basi msinisumbue maisha. Siku ya kunizika wekeni picha ya kiti."

Vita vikaanza. Shujaa akaichomeka taa ya kamera, akailenga mbele moja kwa moja, akabonyeza. Sebule ikameremeta kama umeme wa mvua. Akatazama kioo cha kamera, na tazama! Sahani mbili nyeupe, na chini yake mdomo usiofurahi.

"Lori limerudi," akasema shemeji.

Muuza Rangi hakutetereka. Akakumbuka kwamba mwanga ukirushwa darini hurudi chini umepoa na kutawanyika, mpole kama mwanga wa siku ya mawingu. Akaigeuza taa ikatazama juu, akabonyeza kwa kishindo. Na kweli, sahani zilififia! Lakini ole! Dari lile alilipaka yeye mwenyewe, kwa mabaki ya rangi yaliyokosa mnunuzi dukani, na mwanga uliopanda ukiwa mweupe ulishuka umebeba ukijani wote wa dari, ukammwagikia Mkunga kuanzia kilemba hadi kidevu.

Shemeji akainuka kutoka kwenye kochi ili aone vizuri. "Shemeji, mama ameanza kuota majani."

Mtu anayekula kwa kuuza rangi, akashindwa na rangi! Jasho likamtoka shujaa. Akazima taa, akaiwasha, akaizima tena, akajikwaa kwenye zulia, akapiga picha goti lake. Hapo ndipo Mkunga, ambaye katika maisha yake aliwatazama watu wengi waliokuwa katika hali hiyohiyo, alipomhurumia.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ya wodini, "tulia. Vuta pumzi. Toa taratibu. Usisukume kabla ya wakati, utajichosha bure."

Muuza Rangi akavuta pumzi. Akaitoa taratibu. Akaing'oa ile taa kwenye kamera na kuiweka mezani, akazima na balbu ya sebule, maana umanjano wake ulikuwa unagombana na weupe wa mchana. Kisha akamwomba mama asogeze kiti karibu na dirisha. Jua kali likaingia, likang'arisha nusu ya uso na kuiacha nusu ya pili gizani. Ndani ya kila lenzi kukatokea dirisha dogo, na nondo zake zote.

Akaishusha kamera. Neno "nimeshindwa" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wake, na lingetoka, kama kifungo cha sweta la Mkunga kisingekatika dakika ile na kuanguka. Mkunga akainama kidogo kukitafuta. Vile vidirisha viwili vikateleza kwenye lenzi, vikashuka, vikatoweka. Na nyuma ya vioo, Muuza Rangi akaona macho.

Yalikuwa ya kahawia, yenye duara hafifu la kijivu pembeni, na yalikuwa yanamcheka. Miaka yote aliyokuwa mkwe katika nyumba ile hakuwahi kuyaona. Adabu ilimfundisha kutazama sakafu mbele ya mama huyu, na miwani ilimalizia kazi. Alielewa sasa mkewe alikuwa anaomba nini.

Na akaelewa la pili: mwanga ukigonga kioo hudunda kama mpira ukutani. Ukikiinamisha kioo kidogo tu, unadundia sakafuni badala ya kumrudia mpiga picha.

"Shuka jeupe!" akanguruma. Mkewe akakimbia, akalitundika dirishani, na ukali wa jua ukalainika ukawa kama maziwa. "Ngao!" Shemeji akakabidhiwa ubao mweupe wa povu gumu uliokuja ndani ya boksi la friji, akaamriwa kupiga goti upande wa giza na kuurudishia uso mwanga.

"Mkono unauma," akalalamika shemeji.

"Shika, ewe mtu wa malori! Ukitetereka, shavu la mama yako linapotea!"

Ikabaki hatua moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa maana mtu hagusi uso wa mama mkwe wake. Muuza Rangi akakohoa. "Mama, kwa heshima zote, na kama haitakuwa usumbufu, na samahani kwa kuthubutu, ningeomba, kwa idhini yako, mikono ya miwani, pale inapolala nyuma ya masikio, kama ingewezekana ipande juu kidogo..."

"Niinue miwani kwa nyuma?"

"Ndiyo, mama."

"Si useme tu!" Akaiinua kwa kidole kimoja kila upande. Lenzi zikainama chini kidogo sana, kiasi ambacho hakuna ambaye angekitambua. Vidirisha vikakimbia. Macho yakabaki peke yake uwanjani.

Shujaa akasogea, akachuchumaa, akabana pumzi. Akangoja. Akaendelea kungoja, kidole juu ya kitufe, mpaka Mkunga akachoka, na kwa sauti iliyotikisa vikombe kabatini akaamuru:

"Haya, sasa! Sukuma!"

Shemeji akaangua kicheko, ubao ukacheza, mke akashika mdomo, Mkunga mwenyewe akashindwa kujizuia, na katikati ya ghasia hiyo Muuza Rangi akabonyeza.

Mkunga akanyoosha mkono, akaletewa kamera, akaisogeza karibu na pua yake. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akampokeza binti yake kwa mikono miwili, jinsi alivyowapokeza akina mama maelfu vitu vya thamani kuliko kamera.

"Ametoka mzima," akasema. "Mpokee."

Binti akatazama. Kiwiko cha shemeji kilionekana pembeni, na shuka lilikuwa na alama ya pasi.

"Ananiangalia," akasema.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyoketi katika sebule ile: siku hiyo, jua likiwa bado juu, ilianguka miwani isiyowahi kuanguka, wala haikupasuka hata kidogo. Mshindi alitwaa shuka, akalikunja, akalirudisha kitandani kama alivyoagizwa na mkewe. Na Jumapili iliyofuata, bila kushurutishwa na mtu, alipanda ngazi na ndoo mkononi, akalipaka dari rangi nyeupe.