Mpelelezi wa Mablanketi

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Miguu inawaka moto. Nimezunguka dukani kutwa nikijifanya mteja. Ndiyo kazi yangu mpya hapa Shinyanga: kupeleleza wezi. Msimu wa pamba, duka limefurika, na mablanketi yanatoweka. Tajiri, Bwana Velji, amesema mwizi asipopatikana wiki hii, nirudi kijijini nikalime. Kulima! Mimi niliyesoma kwa mapadri!

Mlangoni anakaa mzee Bujiku, mlinzi, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza. Kazi yake kuamkiana na watu tu. Leo kaniuliza kwa sauti, mbele ya wateja, kama nimeshampata mwizi. Mzee huyu ataniharibia.

Jumanne, 4 Agosti
Nimeazima kanzu, kofia na miwani myeusi. Hakuna atakayenitambua! Sijafika hata kwenye sabuni, Paskalia muuza maandazi akapaza sauti: "Tumsifu Yesu Kristu, Donatus! Umesilimu lini?" Duka zima likacheka.

Aliyenifariji ni Marselino, mwanakwaya wa kanisani kwetu. Kijana mpole, huja kila siku kutazama bidhaa. Aliniuliza kesho kutwa nitajificha wapi, nikamweleza. Faraja kumpata mtu anayekujali.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimejilaza nyuma ya marobota, nikajifunika blanketi, nikaacha macho tu. Joto! Usingizi ukanichukua. Nimeamshwa na Bwana Velji. Blanketi nililojifunika halipo. Viatu vyangu navyo havipo! Nilimuuliza Marselino, maana ndiye pekee aliyejua nilipo. Hakuona kitu. Alisikitika sana, masikini. Bujiku alicheka mpaka akapaliwa. Nimerudi nyumbani pekupeku. Mke wangu Eufrasia amenitazama miguu, akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimechoka hata kuandika. Mwizi kakamatwa, na si mimi niliyemkamata. Mwizi mwenyewe ni Marselino!

Bujiku anasema kijana huyo akiingia humwamkia kwa kuinama, akitoka humwamkia amesimama wima kama nguzo. Leo mzee kaangusha rungu makusudi. "Niokotee, mwanangu, mgongo unaniuma." Marselino akajaribu. Hakuweza kupinda. Walipomfungua koti, blanketi zima limezungushwa kiunoni mpaka kifuani.

Na miguuni, viatu vyangu. Asubuhi nilivisifu! Nikamwambia vinafanana sana na vile vyangu.

Jumamosi, 8 Agosti
Bwana Velji aliniita anifukuze. Bujiku akaniombea, akasema Eufrasia ni mjamzito na mtu hafukuzwi wakati kama huo. Basi nimebaki, lakini kubeba magunia kwenye ghala la nyuma. Bega limevimba. Sikumshukuru mzee. Alibahatisha tu. Mimi nilikuwa karibu kabisa kumgundua.

Jioni nimeketi mkahawani na mgeni, dereva wa lori liendalo migodini Geita. Muungwana kweli. Kaninunulia chai, kanisikiliza mpaka mwisho, akasema mtu wa akili zangu kubebeshwa magunia ni dhuluma. Akauliza ghala hilo hulindwa na nani mchana wa Jumapili. Nikamwambia hakuna mtu, mzee Bujiku huwa kanisani. Ufunguo nao? Nikamwelekeza na mahali unapofichwa.

Kesho wakati wa misa atapita na lori lake aone hilo ghala. Ni wachache siku hizi wanaojali kazi ya mwenzao.