Ratiba ya Kuwatembeza Wazee Wangu

Jumapili, 2 Februari

Wanakuja kesho! Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, watu waliokula chumvi nyingi. Magoti manne, na linalofanya kazi vizuri ni moja. Huko kwao hawawezi tena kuteka maji wala kuinuka kitandani bila msaada, na Mungu hakuwajalia watoto. Watakaa kwangu wiki hii. Jumamosi wataamua waishi na nani hapa mjini: mimi, au Binamu.

Nataka waishi na mimi. Naandika waziwazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mke wangu aliondoka, huu mwaka wa tatu, akisema amechoka kuishi stendi. (Kabla sijastaafu nilikuwa mpanga ratiba wa kampuni ya mabasi, na nyumbani pia nilibandika ratiba ukutani. Watu wengine hawapendi maendeleo.) Binti yangu hupiga simu akikumbuka. Usiku naacha redio iseme mpaka kunakucha, ili nikiamka kuwe na mtu anaongea.

Hali ya mashindano ni hii. Mimi ni mtoto wa mdogo wake Baba Mkubwa, yaani kwa mila zetu ni kama mwanawe wa kumzaa kabisa. Binamu ni mpwa tu. Lakini Binamu ana nyumba ya chini, ua wenye kivuli na mke anayecheka. Mimi nipo ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Silaha yangu ni mji. Nitawaonyesha mji huu mpaka wasitamani kuishi na mtu mwingine!

Leo alfajiri nilifanya majaribio. Nilijifunga goti kwa shuka lisikunjike, nikachukua mpini wa ufagio, nikaitembea njia nzima kizee huku nikichora ramani ya vivuli. Kivuli chote upande wa kushoto. Safi sana! Nikirudi nachechemea, fundi saa wa pale chini akanipa pole, akauliza goti limepatwa na nini. Niliipokea ile pole. Sikuwa nimezungumza na mtu tangu Alhamisi, nisingeiacha ipotee bure.

Jumatatu, 3 Februari

Wamefika. Ngazi zimekula asubuhi yote. Kila tulipopumzika Mama Mkubwa aliketi akasalimiana na kila apitaye, akauliza watoto, akauliza mama wa nyumbani, akauliza mgongo. Nimeishi jengo hili miaka na miaka, leo ndiyo nimejua kwamba jirani wa ghorofa ya pili ni mkunga. Tulichelewa vibaya.

Tulipofika juu Mama Mkubwa aliuliza watu wa nyumba wako wapi. Nikasema ndiye mimi. Akauliza, na wengine? Nikakimbilia jikoni kutazama chai, ambayo nilikuwa bado sijaiteleka.

Jioni kaja Binamu na tikiti maji. Hasidi hana sababu! Akavua viatu, akanyoosha miguu, akamwambia mjomba wake kwamba fimbo ile anayotembelea ni urithi wake, basi amwazime aanze kuizoea. Baba Mkubwa akasema atamrithisha kikohozi. Wakacheka mpaka kikohozi chenyewe kikaja. Mtu hana hata ratiba! Nikasimama nikawasomea yangu: siku nne, vituo kumi na viwili, na dakika za kustaajabu kila kituo. Baba Mkubwa akauliza kama kuna kituo cha kulala.

Jumanne, 4 Februari

Kituo cha kwanza: makumbusho. Kuondoka saa moja asubuhi.

Tumeondoka karibu na adhuhuri. Kwanza dawa. Halafu mafuta ya goti. Halafu meno ya Baba Mkubwa hayaonekani. Yakaonekana mfukoni mwa Baba Mkubwa. Tukiwa mlangoni, Mama Mkubwa akakumbuka kwamba hajanywa dawa, akakumbushwa kwamba amekunywa, akakataa, tukahesabu vidonge upya.

Nje jua linachoma kama pasi. Kivuli kimehamia upande wa kulia bila kunitaarifu! Lakini ratiba ni ratiba, na ramani inasema kushoto. Tukaenda kushoto. Mama Mkubwa akauliza kwa nini watu wote wanapita upande wa pili. Nikamjibu kwamba wale hawana ramani.

Makumbusho yana ngazi mlangoni kama za kupandia mbinguni. Tuliyatazama kwa nje. Baba Mkubwa akasema ukuta ni mzuri, halafu akaanza kuyumba. Nikawaingiza duka la jirani, duka la magodoro, nikamwambia muuzaji tunatafuta godoro. Si uongo mkubwa. Wazee wakalala juu ya magodoro, kila mtu lake, feni ikiwapuliza. Muuzaji akaleta maji ya baridi, akavuta kiti, akaanza kumsimulia Mama Mkubwa mambo ya ndoa yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na saa mkononi. Mama Mkubwa anasema hajawahi kuona mahali pazuri kama pale. Siku imepotea!

Jumatano, 5 Februari

Tatizo ni miguu. Basi miguu isitumike. Nimekodi mkokoteni!

Nilifunga viti viwili vya plastiki juu yake kwa kamba, nikasimamisha mwavuli katikati. Mvuta mkokoteni aliuliza mara mbili kama mzigo wenyewe ni watu. Mtu wa mashaka. Nikatangulia mbele nikieleza majengo kwa sauti.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Baba Mkubwa aliwapungia watu mkono kama anagombea ubunge. Mwanamke mmoja akauliza bei ya viti. Nikamwambia haviuzwi, akauliza bei ya mwavuli.

Kisha mteremko wa posta. Kamba nilizifunga mwenyewe, nakiri, lakini kiti cha Mama Mkubwa kiliteleza polepole, kwa heshima zote, mpaka miguu yake ikagusa lami. Hakuumia. Aliketi pale pale barabarani, mkoba mapajani, magari yakimzunguka. Na nani alikuwa anapita? Binamu! Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaja akamwinua shangazi wa watu, yaani mke wa mjomba wake, akamwambia anapendeza katikati ya barabara, awekewe taa aongoze magari. Mama Mkubwa akacheka naye. Kwangu mimi akasema yeye si gunia la mkaa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wazee wakarudi na Binamu; mimi nikarudi na mkokoteni mtupu na viti viwili, na njiani nikapata wateja watatu wa viti.

Alhamisi, 6 Februari

Wazee wamegoma. Hawatoki. Joto limezidi na goti la Mama Mkubwa limevimba. Wanasema wanataka kukaa tu.

Kukaa tu! Kukaa watu hukaa popote! Nikakuna kichwa, nikapata njia. Kama wazee hawaendi mjini, mji utawafuata kwa simu. Nikampa Baba Mkubwa simu yangu ya zamani, nikaipigia kwa hii mpya, nikaifungua sauti, nikatoka peke yangu. Asubuhi nzima nimezunguka juani nikiwasimulia: hapa ni bustani, hapa ni chemchemi (haina maji, lakini niliwaeleza yangekuwa yanarukaje), hapa ni mahakama kuu, tazameni nguzo zile. Watu walinipisha njia. Bila shaka walidhani ni mtu muhimu.

Mara kwa mara nilisikia kicheko upande wa pili. Nikajua nimewapata.

Nimerudi nimelowa jasho chapachapa. Mlango uko wazi! Ndani wamejaa: mkunga wa ghorofa ya pili, fundi saa, Binamu na mkewe, wote wanacheza karata na Baba Mkubwa anaiba waziwazi. Simu imefunikwa na mto kwa sababu, alisema Mama Mkubwa, ilikuwa inapiga kelele na wao hawakujua kuizima. Fundi saa akasogea anipishe nafasi kwenye mkeka. Nikasema asante, sina muda, nina ripoti ya kuandika. Nikaufunga mlango ule. Tangu nihamie haujawahi kuachwa wazi.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya mwisho. Nimeamua kuwaonyesha kwamba kwangu kuna baridi kuliko kwa Binamu. Nimenunua bonge la barafu, nikaliweka kwenye beseni mbele ya feni, nikafunga madirisha yote. Baridi kweli! Baba Mkubwa akavaa koti. Mama Mkubwa akaomba soksi. Goti likakaza kabisa, hata kwenda msalani tukawa tunambeba, mimi huku, Baba Mkubwa akishikilia ukuta na kutoa maelekezo. Barafu ikayeyuka, maji yakapita chini ya mlango mpaka kwa mkunga. Akapanda akiwa na tambara. Badala ya kugomba akamkanda Mama Mkubwa goti kwa maji ya moto, wakawa wanazungumza hadi magharibi. Mimi nilikuwa napiga deki.

Jambo moja niliandike kabla sijalisahau. Siku zote hizi sijawasha redio. Nawasikia wakikohoa chumba cha pili, wakibishana ni nani aliyevuta shuka, na mimi napata usingizi mtamu kama mtoto. Ee Mungu, wakae.

Jumamosi, 8 Februari

Wameenda kwa Binamu.

Baba Mkubwa aliniita akaniambia nikae. Nikasema nasikia vizuri hata nikiwa nimesimama. Akasema mimi ni mwanawe na hilo halifutiki. Akasema nimehangaika sana kwa ajili yao na Mungu ataniona. Lakini tangu waje, akasema, sijakaa nao hata kikombe kimoja cha chai kikaisha. Walikuja kuwa na mtu, na huyo mtu kila saa yuko mlangoni anatazama saa yake. Akasema nyumba ya Binamu haina lolote la ajabu, ila huko watu hukaa.

Nikasema sawa, mzee wangu. Nikaenda jikoni nikamenya vitunguu, ili macho yapate kisingizio. Nikamenya vyote vilivyokuwepo. Mama Mkubwa akaja akichechemea, akasimama karibu yangu, akanishika bega. Hakuuliza ninapika nini.

Binamu aliwashusha ngazi. Kila ghorofa milango ilifunguka, watu wakawaaga. Akaniambia twende wote, mkewe ameshapika, nafasi ipo. Nikasema hapana, nina kazi. Nimesimama dirishani mpaka gari lao likapotea kwenye kona. Chumbani kwao mto umebaki na shimo la kichwa cha Baba Mkubwa. Sijaugusa.

Jumapili, 9 Februari

Nimegundua!

Nimeyatafakari maneno ya Baba Mkubwa tangu asubuhi, neno kwa neno, na sasa kosa naliona lilipo. Liko kwenye ratiba! Vituo kumi na viwili, na hakuna hata kimoja cha kukaa. Mzee amesema wazi kwamba wanataka kukaa, na mimi mtaalamu mzima nimewapangia kutembea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi mimi nimesikia.

Ratiba mpya iko tayari: Ziara ya Kukaa. Jumamosi ijayo nitawachukua kwa Binamu asubuhi na mapema. Watakaa sehemu sita tofauti. Kukaa bustanini. Kukaa mbele ya mahakama. Kukaa posta, sehemu ya juu, mbali na mteremko. Kila sehemu muda wake, na katikati dakika za kuhama. Chai itanywewa kituo cha nne, na nimehakikisha kikombe kinaisha. Binamu atajuta kuzaliwa!

Mchana Mama Mkubwa alipiga simu. Chakula kiko tayari, alisema. Baba Mkubwa ananiulizia tangu asubuhi, na kiti changu kiko pale uani, wamemkataza kila mtu kukikalia. Hakuna shughuli yoyote, nije tu. Nikamshukuru sana. Nikamweleza kwamba leo haiwezekani kabisa, kwa kuwa niko kazini kwa ajili yao, nakagua viti. Akasema basi kitabaki pale pale.

Nimekagua mpaka jioni. Benchi la mahakama limevunjika ubao. La posta lina jua. La bustanini, chini ya mti, nimelikalia muda mrefu ili niwe na hakika, watu wakipita wawili wawili na watoto wao, mpaka taa za barabarani zikawaka. Ni benchi zuri. Linatosha watu watatu bila kubanana.