Shemeji Anawamaliza Mchwa Wangu

Kwa Mama Mkwe,

YAH: MWANAO WA KIUME NA PAMPU YAKE

Mama, shikamoo. Binti uliyeniozesha hajambo, watoto hawajambo, mgonjwa ni karakana. Nakuandikia wewe kwa sababu katika ukoo wenu mzima, wewe ndiye mtu pekee ambaye mwanao Komesha anamwogopa. Kazi yake ya kupuliza dawa za wadudu majumbani naiheshimu. Lakini sasa ameuvamia mtaa wetu, na usipomkanya, karakana yangu ya kukarabati fanicha itafungwa kabla ya mvua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchwa wa mtaa huu ni wenzangu kazini. Wao wanakula mguu wa kiti, mwenye kiti anaanguka, anakuja kwangu kajishika kiuno, nami naweka mguu mpya. Hapo kila mtu kala, isipokuwa mwenye kiti, na yeye angalau kapata kiti. Sasa shemeji amepita nyumba hadi nyumba. Mwalimu mstaafu, jirani yangu, ambaye kabati lake la vitabu lilikuja kwangu kila mwaka mpaka nikahisi linaijua njia, juzi amenipa tabasamu akapita zake. Roho iliniuma, Mama. Tabasamu halipigiliwi misumari.

2. Balaa halikuishia kwangu. Mjusi wa karakana, aliyekuwa na kitambi kunishinda, amekonda. Anakaa ukutani kutwa ananitazama utadhani mimi ndiye niliyepuliza. Paka wa jirani, aliyezoea kuwinda mijusi, kaona hawana nyama, kahamia jikoni kwetu, na kitoweo cha jana amekila yeye. Kwa hiyo dawa iliyopulizwa kwa mwalimu imenilaza mimi na njaa. Wasomi huenda wana jina refu la jambo hili. Mimi naliita uonevu.

3. Kuku wako. Hapa naomba ukae kwanza. Kila mvua zikianza, kumbikumbi wanatoka ardhini, kuku wako wanawala mpaka kutembea kunawashinda, na mayai yanayofuata unayasifia mwenyewe. Kumbikumbi, Mama, ni mchwa walioota mabawa. Na nasikia Komesha anapanga kuja huko kwenu.

4. Komesha mwenyewe. Akishawamaliza wote, atapuliza nini? Atarudi kwako na pampu tupu, atalala sebuleni, na anavyokula unamjua. Kwa hiyo nampigania na yeye, ingawa hana shukrani.

Ombi langu ni dogo. Umwamuru aache mbegu: kila nyumba abakize familia moja ya mchwa wenye afya njema, karibu na mbao laini. Wakidhoofika, niko tayari kuwapelekea mabaki ya mbao mimi mwenyewe, bila kumsumbua mtu.

Binti yako hakubaliani nami. Nilipomsomea mpaka hapa alisema, "Mume wangu, wewe si fundi. Wewe ni mchwa mwenye nyundo." Kisha akaenda kujilaza kidogo. Nimeipokea kama sifa.

Msalimie Baba, majirani wote, na kuku mmoja mmoja.

Mkweo mtiifu,
Fundi

Tanbihi: Mama, kabla sijafunga bahasha nimesikia kishindo chumbani. Ni kitanda, kile nilichokitengeneza kwa mikono yangu wakati wa harusi, nikakuapia mbele ya wazee kwamba kitatuona tukizeeka. Mguu mzima ulikuwa unga mtupu ndani. Binti yako hakuumia. Sasa amebeba mto wake, yuko mlangoni, anahamia kwa kaka yake kwenye nyumba isiyo na mchwa, na hajasema atarudi lini. Nakusihi, mwambie Komesha aje leo hii na pampu zote alizonazo. Aanzie chumbani, amalizie karakana, asibakize mbegu. Kuku wako nitawaletea mtama mimi mwenyewe.