Wanafunzi Ishirini na Sita wa Sauti Nne

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeokoa kwaya. Bado haijui, lakini nimeiokoa.

Jana kanisani Kipchirchir, mwalimu wetu wa kwaya, alitangaza kwamba mashindano ni Ijumaa ya tarehe ishirini, Milimani, Nakuru mjini. Kila mtu ajitafutie nauli. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Mimi kama mwenyekiti nikasimama, nikasema mambo ya usafiri niachieni mimi, Naftaly. Makofi! Kipchirchir akauliza usafiri gani huo. Nikamwambia atulie. Ukweli ni kwamba sikuwa na hata baiskeli.

Lakini leo pale stendi ya Subukia nimeona bango. Mabasi ya Bonde Letu yanabeba wanafunzi bure kwa safari za masomo, siku za shule. Bure kabisa! Kinachokosekana ni wanafunzi tu.

Jumanne, 10 Juni

Wanafunzi wamepatikana. Ni kwaya yenyewe. Bango halikutaja umri.

Watu wazima pia husoma. Hapa Kabazi, karibu na soko, tuna darasa la ngumbaru la Mwalimu Joan. Nimemtembelea. Ana wanafunzi wanne, na mmoja huja kukwepa jua. Amesema wakubwa wake wamemwonya: wasipofika ishirini mwisho wa mwezi huu, darasa linafungwa. Karibu alie. Nikamwambia, mwalimu, pangusa macho, ninao watu ishirini na sita wenye kiu ya elimu. Barua ya kuombea basi ikapigwa muhuri kabla sijamaliza kuongea. Akauliza wataanza masomo lini. Nikasema wanajiandaa.

Si uongo. Wanajiandaa kuimba.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaza fomu ya kampuni. Kulikuwa na orodha ndefu ya mahali pa kutembelea. Nikauliza ni wapi karibu na Milimani, nikatia alama hapo, nikarudisha. Kusoma yote ni kupoteza wakati. Basi litatushusha, dereva ataenda kunywa chai, sisi tutaimba.

Sare inahitajika. Nimeamuru sweta za maroon. Kanzu za kwaya zitakaa kwa mifuko. Kipchirchir amekataa. Amesema hawezi kuvaa sweta ya shule akiwa na wajukuu, na kwamba ataenda na pikipiki yake. Nikamtakia safari njema. Wivu huo.

Cucu Rahab, nyanya wa kwaya nzima, ndiye amefurahi kuliko wote. Ana miaka sitini na nane, anaimba soprano. Ameuliza kama abebe daftari. Nikasema abebe, la kuonyesha tu. Akasema ameshanunua mawili.

Jumatano, 18 Juni

Mazoezi ya mwisho. Dakika kumi za nyimbo, saa nzima ya kuwa wanafunzi. Nimewafundisha kusimama na kuitikia salamu pamoja. Jirani yangu Jonah, wa besi, ameuliza yeye yuko darasa la ngapi. Nimempa la tano. Akalalamika kwamba mke wake nimempa la sita.

Ijumaa, 20 Juni

Nitajaribu kupanga mambo.

Basi lilifika saa mbili kamili. Safi, kila mtu na kiti chake! Lakini mbele alikuwa ameketi msichana mwenye faili. Anaitwa Jepkemei, afisa wa safari za masomo. Akatusalimia. Tukasimama, tukaitikia kwa sauti nne. Kalamu ikamponyoka.

Tulipopita Subukia akaeleza kwamba hukaa na darasa mpaka mwisho. Basi hili ni la masomo, halishushi mtu kwingine. Nikamuuliza kwa upole tunaenda kusomea wapi.

"Si wewe uliyechagua, mwalimu? Mitambo ya kusafisha maji taka."

Watu ishirini na sita waligeuka kunitazama.

Saa nne tulikuwa kando ya bwawa la kwanza. Saa tano, la tatu. Zamu yetu Milimani ilikuwa saa sita. Simu yangu ikaita mara tisa. Kipchirchir. Nikaizima. Nikamnong'oneza Jepkemei kwamba darasa lina kipindi cha muziki, ni lazima tuondoke. Akapiga makofi kwa furaha! Akasema hajawahi kupata darasa lenye muziki, basi tuwaimbie wafanyakazi hapo hapo.

Tuliimba kati ya bwawa la tatu na la nne. Alto walikuwa wameziba pua na bado walisikika. Wafanyakazi wakavua kofia zao ngumu, mmoja akapangusa macho. Hatujawahi kuimba vizuri hivyo tangu kwaya ianze, na hakukuwa na jaji hata mmoja.

Nikatoa amri ya kutoroka kupitia geti la nyuma. Hakuna aliyesonga. Cucu Rahab alikuwa amembana injinia, anauliza haya maji yakitoka hapa yanaelekea wapi, na nani ameyapima. Nikamvuta mkono. "Cucu, twende, zamu yetu inapita."

Akanitazama. "Naftaly, mimi niliacha shule darasa la tatu. Wenzangu walipelekwa kuona ziwa, mimi nikabaki na mbuzi. Wacha nimalize swali langu."

Nikaachilia mkono wake. Nikambebea mfuko mpaka bwawa la mwisho.

Jumamosi, 21 Juni

Nilidhani jana ndiyo ilikuwa mbaya.

Kumbe Kipchirchir alitungoja Milimani mpaka jina letu likaitwa. Akapanda jukwaani peke yake. Akaimba besi yote, akavuta pumzi, akaimba tena teno yote. Watu wakasimama. Kabazi imekuwa ya nne.

Mwaka jana tulienda kwaya nzima. Tulikuwa wa tisa.

Jumapili, 22 Juni

Mkutano baada ya ibada. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikawakumbusha kwamba hakuna kwaya nyingine katika bonde hili inayofahamu maji taka kama sisi. Watu wakarudi kuangalia viatu vyao. Kisha Cucu Rahab akasimama, nikajua sasa nimepata wakili. Akasema Ijumaa ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizopata kwa miaka mingi, na kwamba Mungu anibariki sana.

Kisha akapendekeza Kipchirchir awe mwenyekiti. Mikono yote ikapanda, hata wangu. Nilikuwa najikuna.

Jumanne, 24 Juni

Nimepita ngumbaru. Viti vimejaa! Kumi na saba wa kwaya wamejiandikisha kwa kweli. Cucu Rahab ni kiongozi wa darasa, ananyamazisha watu kwa rula. Jonah alikuwa anachora mabwawa ubaoni. Nikasimama dirishani kidogo. Darasa halifungwi tena. Ni kazi yangu hiyo, hata kama hawasemi.

Mwalimu Joan akatoka kunisalimia, akanialika nijiunge. Nikasema mimi nimesoma vya kutosha. Akacheka, akaniambia Jepkemei alimpigia simu, kwamba alitambua sisi ni kwaya tangu salamu ile ya kwanza kwa basi. Alinyamaza tu, kwa sababu barua ilikuwa na muhuri na Cucu alikuwa na madaftari mawili.

Nimeshtuka sana. Msichana mdogo hivyo, na anatazama mtu machoni akijua anadanganywa! Watu hawana uaminifu siku hizi.

Alhamisi, 26 Juni

Redio imetangaza asubuhi. Maonyesho ya kilimo Nakuru wiki ijayo. Anayepeleka ng'ombe atabebwa bure kwa lori, pamoja na ng'ombe wake na wachungaji.

Binamu yangu Wangui anaolewa Nakuru wiki hiyo hiyo. Jamaa kumi na wanane hawana usafiri, na nimeshawaambia waniachie mimi.

Ng'ombe sina. Jonah anaye mmoja, mnyama mpole. Nimepiga simu kwa waandaaji kuuliza ng'ombe mmoja anaruhusiwa wachungaji wangapi. Wamesema hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Vizuri sana. Nimewaambia ni ng'ombe msumbufu.